Safari Moja, Sikukuu Saba

Kiatu kimoja kilitua sakafuni. Kimya. Kisha cha pili, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hivyo ndivyo ninavyojua kwamba mume wangu amerudi na kumekaribia kucha. Yeye anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, zamu ya usiku. Mimi nafungasha mikate kiwandani, zamu ya mchana. Huu mwaka wa tatu tunaonana hapa mlangoni, gizani, yeye akivua viatu na mimi nikitafuta vyangu.

Lakini asubuhi hiyo sikuwa natafuta viatu. Ilikuwa sikukuu, kiwanda kimefungwa, na mimi nilikuwa nimekaa jikoni bila kuwasha taa, gauni la mtoto mapajani.

"Mama Bosi, mbona umekaa gizani kama mwizi aliyechoka?"

Bosi ni binti yetu. Ana jina lake zuri tu, ila baba yake alimwita Bosi siku ile ile aliyozaliwa, maana alitoka anapiga kelele na watu wazima wanne wakawa wanakimbia huku na huku kumhudumia. Tangu hapo na sisi tukawa Mama Bosi na Baba Bosi.

"Kifurushi cha Mama kilifika jana," nikamwambia. "Gauni halimwingii."

Akawasha taa, akavuta kiti. "Halimwingii vipi?"

"Linapita kichwani, linapita mabegani. Zipu ndiyo haifungi. Inabaki wazi hivi." Nikamwonyesha kiganja kizima.

Akalishika gauni kwa vidole vyake vilivyochubuka kwa mvuke, akaligeuza ndani nje kama anayetafuta mahali pa kulilaumu. Hakupaona. Mama yangu hashoni vibaya.

Mama ni fundi cherehani. Hapimi ndugu zake kwa futi; akikuona unavuka barabara tayari anajua kiuno chako. Tulipohamia huku Asia, Bosi akiwa na miaka miwili na kitu, aliapa kwamba mjukuu wake hatavaa gauni la dukani siku ya sikukuu akiwa yeye yuko hai. Basi akawa anampima kwa picha. Anasogea dirishani na simu, anamlinganisha mtoto na mkono wa baba yake. Mkono huo anaujua vizuri, kwa sababu suti ya harusi yetu aliishona yeye. Bosi akimfika baba kwenye kiwiko, Mama anajua pindo likatwe wapi.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye picha, na picha nilizituma mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa pili wa kukaa huku tulipata likizo pamoja, siku nne, mara moja tu. Tukapanda treni kwenda mji mdogo wenye ziwa na kilima. Nami nikabeba begi lenye nguo za sikukuu saba, kwa watu watatu. Najua ndugu zangu. Kila sikukuu wanataka picha, na wanataka picha ya wote. Lakini sikukuu ndipo hoteli inapojaa, na hoteli ikijaa mume wangu haonekani. Nikawaza, si tupige zote kabisa tukiwa hapa?

Tulibadilisha nguo kwenye vyoo vya stesheni na nyuma ya kibanda cha tiketi. Darajani tulikuwa mwaka mpya. Bustanini ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bosi. Kwenye ngazi za hoteli ambayo hatukulala, tulikuwa tunaadhimisha ndoa yetu. Mzee mmoja mpita njia tulimwomba atupige picha, akatupiga. Baada ya saa moja tukamwomba tena, tuna nguo nyingine. Alipotukuta mara ya tatu alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. Na sisi tulicheka. Siku hizo nne tulikula mezani pamoja, asubuhi, mchana na jioni, Bosi akiwa katikati anatoa amri nani apewe chumvi.

Baadaye nikawa nazituma moja moja, kila sikukuu yake.

"Watu wa Asia hao!" shangazi yangu anaandika. "Hawatulii nyumbani!"

"Nyie huko kazi mnafanya saa ngapi?" mjomba naye anauliza.

Nami nacheka, peke yangu, jikoni, mtoto amelala na mume yuko kwenye mashuka yake. Sikuona ubaya. Nilitaka Mama alale vizuri. Kitu kimoja tu hakikunijia akilini, mimi ninayeshinda na unga uliotiwa hamira: mtoto anaumuka, picha haiumuki.

Gauni la kwanza kubana lilikuja miezi sita iliyopita. Nami bila kufikiri nikasema kwenye simu, "Zuri, Mama, ila limembana kidogo." Mdogo wangu, anayeishi naye, aliniambia kwamba jioni hiyo Mama alikaa na zile picha amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Kesho yake akanipigia. "Nitashona lingine. Nikikosea na hilo, cherehani naifunga. Sitaki kuwaharibia watu vitambaa vyao kwa macho haya."

Hakuwa anatania. Jirani yake alishaambiwa ajiandae kuja kuichukua, kwa ajili ya binti yake anayejifunza. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Mimi nimelala utotoni kwa mlio wake. Sasa gauni la pili lilikuwa hapa, na saa kumi Mama angepiga simu kuliona.

"Tulishikize kwa pini," mume wangu akasema, anapiga miayo. "Simu inaona mbele tu."

"Akimwambia ageuke?"

"Mwambie Bosi hageuki kwa mtu." Akanibusu utosini, akaenda kulala. Nilimsikia anakoroma kabla hata mlango haujatulia.

Nikakaa na mchana wangu. Sikukuu ya watu wengine ni ndefu sana. Maduka yalikuwa yamefungwa, majirani wamekwenda kwao na mabegi yao, na kwenye ngazi za jengo letu ukikohoa sauti inakurudia. Nilimpeleka Bosi kwenye bembea. Bembea zilikuwa nne, akapanda zote kwa zamu ili zisinune. Nikawaza kumwambia Mama ukweli. Lakini ukweli wenyewe unaanzia wapi? Nikisema picha ni za zamani, ataniuliza za sasa ziko wapi. Sina za sasa. Tangu ile treni, sisi watatu hatujakaa kwenye picha moja.

Saa kumi kasoro nikamvalisha gauni. La kijani, kola nyeupe, vifungo vidogo vya kifuani ambavyo Mama alivivalisha kitambaa kimoja kimoja kwa mkono. Nikapiga pini sita mgongoni.

"Usigeuke," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Zitakuchoma."

Mume wangu akatoka chumbani na alama ya mto shavuni. Simu ikalia, uso wa mdogo wangu ukajaa kioo kizima.

"Jamani, watu wa Asia! Leo mko ufukweni au mlimani?"

"Wewe nawe, sogea," sauti ya Mama ikasema nyuma yake. "Lete hiyo simu."

"Shikamoo, Mama," mume wangu akasema.

"Marahaba, mkwe. Umekonda. Yuko wapi mwenye gauni?"

Bosi akasimama mbele ya simu, mikono ubavuni. Mama akasogeza uso karibu mpaka tukaona paji tu na miwani. Kisha akarudi nyuma, nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Limekaa," akasema polepole. "Limekaa! Wewe, umeona? Nilikwambia kifua nimepatia." Kisha akasema kile nilichokiogopa. "Haya, mama, geuka nikuone nyuma."

Bosi akanitazama. "Nimekatazwa."

"Nani wa kukukataza mbele ya bibi yako?"

Bosi akageuka.

Zile pini sita ziling'aa kwa taa ya jikoni. Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akatazama. Akaivua.

"Basi," akasema. "Macho yamekwisha. Mwiteni jirani aje aichukue."

"Mama."

"Hapana, usinifariji. Kitambaa hakidanganyi."

"Mama, macho yako mazima. Ni picha." "Picha zote nilizokutumia ni za safari moja. Tulibadilisha nguo tu. Umemshonea mtoto wa mwaka jana."

"Ya darajani?"

"Safari hiyo hiyo."

"Ya bustanini?"

"Siku ya pili yake."

"Na ya kwenye ngazi, ya ndoa yenu?"

"Jioni yake, Mama. Na hoteli haikuwa yetu."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Ndiyo maana! Bandeji! Mkwe wangu ana bandeji kidole kile kile kila sikukuu, nikasema huyu mtoto wa watu anajikata makusudi?" Mdogo wangu akaangua kicheko nyuma. Mama hakucheka. Alisogea karibu tena, miwani mkononi, macho yake matupu yakinitafuta. "Na leo mmekwenda wapi?"

"Hatukwenda mahali. Baba Bosi ndiyo ameamka sasa hivi. Saa kumi na mbili anaingia kazini."

"Sikukuu?"

"Sikukuu ndiyo kuna mashuka mengi."

"Na wewe unakula na nani?"

Mume wangu akaweka mkono begani kwangu, akajibu yeye. "Anakula na Bosi, Mama. Mimi chakula changu nakikuta kimefunikwa."

"Mimi sikuwaomba daraja," Mama akasema. "Daraja la nini? Nilikuwa nataka kuwajua mlivyo." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga, kisha sauti ikawa ile ya kibarazani kwake, ya fundi mwenye wateja wanaomsubiri. "Hamna futi hapo?"

"Hatuna."

"Mtakuwaje na futi, watu wa daraja. Mvueni hilo gauni asije akachomwa. Mkwe, simama pale mlangoni, ninyooshee mkono uning'inie. Huo naujua. Mtoto asimame ubavuni kwako. Wewe nawe shika simu vizuri, usinitikisie. Na kesho uniletee mtoto tena hapo mlangoni, na keshokutwa, hata kama amevaa gunia."

Nikatoa pini moja moja. Mume wangu akaenda mlangoni, pale pale anapovulia viatu, akasimama kama askari. Saa ukutani ilikuwa inakimbia, naye hakuitazama. Bosi akajibana ubavuni kwake akiwa na fulana yake ya ndani. Kichwa chake kilikuwa kimepita kiwiko, kimepita sana, na mimi ninayelala naye kila siku ndiyo kwanza nakiona.

"Ehee," Mama akasema taratibu. Nyuma yake nilisikia mdogo wangu anavuta kiti, kisha kifuniko cha cherehani kikifunguliwa. "Ehee. Kumbe uko huko."

Bosi akainua kidevu akaitazama simu.

"Bibi, safari hii nishonee kubwa."