Springi za Kwenda Songea

Mume wangu Ansbert alikuwa aondoke Jumapili alfajiri kwenda Songea, kupiga magoti mbele ya baba yangu na kuomba radhi kwa kumuua mtoto wetu. Hakumuua. Nilikuwa najua hakumuua, na nilikuwa najua kwa miezi mitano. Jumamosi ile nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uani kwetu Magomeni, namwangalia anafungua tairi la mbele ili afunge springi mpya za safari, na sikusema kitu.

Mnielewe au msinielewe, shauri yenu. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hasira, sikuwa na chochote. Toka Desemba nilikuwa nimekufa ganzi. Nakula sijui nakula nini, naoga halafu nasahau kama nimeoga. Wateja dukani wananitania, "Dada Celina, mbona siku hizi hutuchekei?" Nawapa risiti yao.

Maana mimi nauza springi. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa huu, kwenye duka la spea Gerezani, Kariakoo. Nipe springi nimefumba macho nitakwambia ni ya mbele au ya nyuma, imechoka au bado inadai. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba gari letu limelala mbele. Likipita tuta, linagonga. Nilimwambia Septemba, nikamwambia tena Oktoba: "Ansbert, nakuletea springi kutoka dukani, Fundi Ignasi atafunga asubuhi moja tu." Yeye jibu lake moja, wiki ijayo. Wiki ijayo ya Ansbert naijua mimi. Desemba ikafika hajafunga, na mimi nina mimba ya miezi saba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilianza kutokwa na damu, Ansbert akanipakia, tukakata Jangwani kwenda hospitali. Mvua zilikuwa zimechimba barabara. Shimo la kwanza alilikwepa, la pili tairi la kulia likazama lote. Gari likagonga chini, kitu kikalia kaa!, nami nikapiga ukelele. Ule ukelele ndio uliomfunga. Wodi ya wazazi hawakuruhusu wanaume, akabaki kwenye benchi nje, na alipokuja kuambiwa kwamba mtoto hayupo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ni lile shimo. Ni mimi."

Sasa kule ndani, nilipokwisha kujifungua, nesi alikuwa ameshaniambia. Mama wa makamo, mpole, kanishika kiganja. "Mama, mtoto huyu hakufa leo. Ana siku mbili tumboni, ngozi inaonyesha." Akaniuliza mtoto aliacha kucheza lini. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Aliacha Alhamisi. Alhamisi duka lilifurika, watu wanatengeneza magari ya kwenda mikoani kwa Krismasi, mimi nimesimama toka asubuhi, nikajisemea amelala. Ijumaa nikajisemea bado amelala. Natoka wodini nimeshikiliwa na wifi yangu Jovitha, namkuta Ansbert anajipiga kifua. Nikaona, ah, kumbe kosa limeshapata mwenyewe. Nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza kwa kuchoka, kesho yake kwa woga, na baada ya hapo nikazoea.

Ukoo wake ukamwangukia. Mke anauza springi, mume anaendesha gari bovu! Jovitha alisema hivyo hadharani, na hakuna aliyemkatiza. Ansbert akaacha kabisa kuliendesha lile gari. Likakaa uani miezi yote hiyo, kuku wa Bi Zulekha, mama mwenye nyumba wetu, wanataga chini yake. Halafu mwezi Mei akaja na shauri lake. Kwetu, mkwe aliyesababisha damu huenda kwa wazee kuomba radhi. Anatanguliza mshenga, anapeleka blanketi, anapiga magoti uani na kulitaja kosa kwa mdomo wake, watu wanasikia. Mshenga alikuwa ameshakwenda na baba alikuwa ameshakubali. Jumatatu ndugu zangu wote wangekusanyika kumsikiliza.

"Mwite Ignasi akufungie," nilimwambia.

"Nitafunga mwenyewe."

Ilikuwa adhabu yake, nikamwacha. Akaazima kwa Ignasi vile vibanio viwili vya kubania springi, mimi nikaleta springi kutoka dukani, jozi mpya za Japani, nilizozichagua mwenyewe. Nilizichagua vizuri. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Bi Zulekha alikuwa mlangoni pa jiko lake anapepeta mchele. Alitazama jeki, akatazama magogo aliyoyaweka Ansbert chini ya gari.

"Ansbert baba, ufundi umesomea wapi?"

"Kwenye simu, Bi Zulekha."

"Haya. Hiyo springi ikikupiga ya uso, uiite hiyo simu ije ikuokote."

Alianza na kushoto, na kusema kweli hakufanya vibaya. Aliondoa tairi, akatoa nati mbili za chini na tatu za juu chini ya boneti, akaivuta shokapu nzima na springi yake imeizunguka. Akaibana springi kwa vile vibanio, kimoja huku, kimoja kule, anazungusha spana kidogo kidogo kwa zamu, mpaka ikalegea kwenye vikombe vya chuma vinavyoishika. Akafungua nati ya katikati, akabadilisha, akarudisha. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Mimi namkabidhi spana, kumi na nne, kumi na saba, yeye anasema asante. Tulikuwa tunaishi hivyo, asante na karibu.

Kulia ndiko kulikokuwa na shida. Alipoitoa springi ile, mkunjo wa mwisho ulibaki mkononi mwake. Ulikuwa umekatika, kipande kama kidole changu, chekundu kwa kutu. Ansbert alikitazama muda mrefu. Kisha akakifuta kwa kanga kuukuu, akatoa mfukoni leso nyeupe, ile ya kanisani, akaanza kukifunga ndani yake.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Nakwenda nacho. Nitamwekea mzee mbele yake. Asije akadhani nasema tu, akione."

Nilimwangalia anavyokunja ile leso, pembe moja, pembe nyingine, kwa adabu. Nikamwona yuko chini uani kwa baba yangu, shangazi zangu wamesimama, na hicho kichuma kiko mbele yake.

"Ansbert, kiweke chini."

"Kwa nini?"

"Mtoto alikuwa ameshakufa kabla hatujapanda gari."

Hakunielewa. Nikarudia polepole. "Nesi aliniambia. Alikuwa ameshakufa siku mbili. Aliacha kucheza Alhamisi, sisi tukapita Jangwani Jumamosi. Shimo halikumfanya kitu. Springi haikumfanya kitu. Wewe hukumfanya kitu."

Bi Zulekha aliacha kupepeta.

"Nesi alikwambia lini?" akauliza Ansbert.

"Siku ile ile. Sijatoka hata wodini."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. "Mama yangu alikaa sebuleni kwangu akaniambia nimeitupa damu yake. Nikamwambia ndiyo, mama, nimeitupa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unamenya vitunguu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamenya vitunguu, Celina!"

Nilikuwa namenya vitunguu, na nikamaliza, na nikavikaanga.

"Kwa nini?" akasema. "Hebu niambie tu kwa nini."

"Kwa sababu wangeuliza kwa nini nilikaa siku mbili mtoto hachezi na mimi nauza spea. Na wewe ungeuliza."

Nilidhani atanipiga. Ansbert hajawahi kunipiga, lakini siku ile ningemwona ana haki. Hakunipiga. Aligeuka, akachukua springi mpya, akaivisha vibanio na kuanza kukaza. Lakini sasa alikuwa anakaza upande mmoja tu, kwa nguvu zake zote, meno yamekazana, kile kibanio cha pili kakisahau. Springi ikaanza kupinda kama ndizi. Nikaona kibanio kinateleza kidogo kwenye chuma.

Jamani, mimi hizi ninazijua. Springi iliyobanwa vibaya ikichomoka haina mjomba wala shangazi. Kuna fundi pale Gerezani anakunywa uji kwa mrija mpaka leo.

"Ansbert, legeza. Umebana upande mmoja."

Akaendelea.

"Ansbert, itakuua!"

"Iniue," akasema. Hakupandisha hata sauti.

Niliinuka kwenye ile ndoo. Sikufikiri. Nilipiga magoti upande wa pili wa springi, pale pale ambapo ingechomokea, uso wangu umeielekea kabisa. "Haya, kaza," nikamwambia. "Kaza tuone."

Spana ikasimama. Tulikuwa karibu sana, miezi mingi hatukuwa karibu hivyo. Nikaona kwamba ana mvi kwenye nyusi. Mvi hizo nimempa mimi.

"Toka hapo," akasema.

"Nipe spana."

"Celina, toka hapo."

"Nipe spana, Ansbert. Kazi hii mimi naijua kuliko wewe."

Akanipa. Nikalegeza upande wake, robo mzunguko, nikasikiliza chuma, robo nyingine. Nikakirudisha kibanio cha pili mahali pake. Kisha nikakaza, huku mara mbili, kule mara mbili, mpaka springi ikanyooka. Yeye alishika shokapu, mimi nikaikalisha springi kwenye kikombe chake, nikaweka nati. Nati ikakamata. Uchungu ulikuja wote kwa pamoja. Nilimtaka mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaka waziwazi namna ile, na iliuma kiasi kwamba niliegemea mlango wa gari ili nisianguke.

Ansbert aliniona. Hakunigusa. Akabeba shokapu, akairudisha mahali pake, akakaza nati za chini, mimi nikakaza zile za juu. Tukarudisha tairi. Tukashusha jeki. Gari lilisimama sawa, pua juu, tayari kwa mlima Kitonga na Makambako na popote.

"Songea tunakwenda wote," akasema. "Blanketi nitapeleka, nimeshalinunua. Lakini kupiga magoti sipigi. Utasema wewe."

"Nitasema."

"Na kwa mama yangu utasema."

"Nitasema. Hata leo."

"Na sijakusamehe."

"Najua."

Akafuta mikono kwa ile kanga kuukuu, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikadhani anatafuta tusi. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Ina maana hawakukwambia?"

"Mjomba ndiye aliyekwenda kuzika, na akina mama. Mimi nilikaa nyumbani. Sikumuuliza mtu. Nilijiona sina haki ya kuuliza."

Miezi mitano. Tumelala kitanda kimoja miezi mitano, na mwanaume huyu alikuwa hajui.

"Wa kike," nikasema. "Alikuwa na nywele nyingi sana. Na kidevu hiki chako."

Akajigusa kidevu, akakipaka grisi. Halafu akakaa chini pale pale kwenye mafuta, mgongo kwenye tairi, akalia kwa sauti, kilio cha mwanaume mzima ambacho mtaa mzima unasikia. Nami nikakaa karibu yake nikalia. Wapangaji wakatoka vyumbani. Bi Zulekha alitupa ungo, mchele ukamwagika, akaja anakimbia na miguu yake ile mibovu.

"Kuna nini? Baba, imekuumiza? Kuna nini tena?"

Ansbert alimtazama, machozi yanachuruzika hadi kwenye ndevu.

"Tumefiwa, Bi Zulekha," akasema. "Tumefiwa na binti yetu."