Kuku Asiyejua Kuatamia

Bibi mifugo wa mtaa alifika asubuhi na daftari kwapani, miguu imejaa matope. Kabla ya kuingia alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu ya Aynadis ilikuwa ya udongo tu. Aynadis aliliona hilo, likamgusa. Mtu aliyekaa ndani miaka miwili huona hata mambo madogo.

"Kila mama anapata mitetea watano," bibi mifugo alisema. "Wana miezi mitatu na wameshachanjwa. Wewe kazi yako ni kuchagua aina. Kuna wa kahawia wa kisasa, hao wanataga karibu kila siku. Kuna wa madoadoa, wanataga kiasi lakini ni wagumu kwa magonjwa. Na kuna wa kienyeji, hawa hawa unaowajua. Umewahi kufuga?"

"Sijawahi. Kuku wa nyumba hii walikuwa wa mama mkwe wangu."

"Mbona basi una mwalimu ndani! Si umwulize?"

Mwalimu mwenyewe, mama Yeshimebet, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mwaka juzi aliteleza kwenye jiwe la bombani, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Tangu siku hiyo Aynadis naye hakutoka. Alikwenda kanisani Jumapili alfajiri, tena mbio mbio, basi. Nafaka yake ilipelekwa mashineni na jirani, Bizunesh, ambaye hakuwahi kudai hata asante. Mumewe, Shiferaw, alikuwa dereva wa lori. Wiki tatu njiani, siku mbili nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila jioni na hakurudi bila sukari. Lakini Aynadis alipomwomba Jumamosi moja tu aende sokoni, akakae na wanawake wenzake kama zamani, alimjibu, "Umwache mama peke yake uende kuuza nini? Siku ukiwa na kitu cha kuuza, tutazungumza."

Kwa hiyo Aynadis alikuwa ameshachagua kabla hajaulizwa.

"Niandikie wa kahawia."

"Chukua wa kienyeji!" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Hao wa kahawia hawajui kuatamia. Wanataga wanaondoka zao, kama mgeni aliyesahau mwavuli."

"Mimi nataka wa kutaga, mama. Wa kuatamia tunatosha mimi na wewe humu ndani."

Bibi mifugo alicheka, kisha akaona amecheka peke yake, akainamia daftari.

"Umemwuliza wataanza kutaga lini?" mama Yeshimebet alisema.

"Baada ya miezi miwili hivi, mama," bibi mifugo alijibu.

"Miezi miwili." Kitanda kililia nyuma ya pazia. "Haya."

Aynadis aliisikia ile haya kama dhihaka. Aliweka kidole gumba kwenye wino, akabonyeza daftarini.

Mitetea waliletwa wiki moja kabla ya Sikukuu ya Kuzaliwa Kristo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Aynadis aliwafunga kwa kamba za katani siku tatu, wapazoee. Alipowafungua hawakwenda popote. Walizunguka ua kwa kufuata ukuta, wakifika langoni wanageuka, wanaanza tena. Aynadis alikaa kwenye kigoda akiwatazama mpaka akaona vibaya, akaingia ndani.

Jogoo mwekundu wa Bizunesh aliruka ukuta kila asubuhi kuja kuwatembelea. Aynadis alimfukuza kwa ufagio.

"Mwache!" mama Yeshimebet alipiga kelele kitandani. "Nyumba hii haina mgeni mwingine!"

Yai la kwanza lilipatikana Jumanne. Aynadis aliliokota likiwa na joto, dogo, lina alama ya damu ubavuni, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa ufunguo. Aliingia nalo jikoni kutafuta kikapu. Hapo jikoni vyungu vilikuwa vimesuguliwa kwa majivu tangu juzi ili harufu ya siagi itoke. Uji wa dengu ulichemka bila mafuta ya ng'ombe. Aynadis alisimama na yai lake mkononi.

Mfungo Mkuu ulikuwa umeanza jana.

Siku hamsini na tano. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi, hakuna yai, mpaka Pasaka. Alikuwa ameufunga mfungo huo tangu utoto wake, na mwaka huu alihesabu mayai akasahau kuhesabu miezi. Waislamu wachache wa mjini walikuwa na kuku wao. Katika mtaa mzima hapakuwa na mtu ambaye angenunua kwake hata yai moja.

"Aynadis we!" Bizunesh aliita kutoka juu ya ukuta siku chache baadaye, alipowasikia kuku wakitangaza. "Umefungua duka la mayai wakati wa mfungo? Wateja wako ni mapadri au mashetani?"

"Nicheke tu, dada."

"Sikucheki, nakuuliza." Kisha akapitisha mfuko wa pumba juu ya ukuta. "Wape hao wapagani wako wale."

Kuku wa kahawia walitaga manne kwa siku, bila huruma. Wiki ya pili ilipokwisha, kikapu kilikuwa kimejaa na cha pili kimeanza. Shiferaw alipopiga simu aliuliza, "Kuku wako wanasemaje?" Aynadis akasema wazima. Hakutaja soko. Angetaja na nini mkononi? Aliweka simu, akaenda jikoni, akalia huku akipuliza moto ili ionekane ni moshi.

"Moshi gani huo unaovuta kamasi?" mama Yeshimebet aliita. "Njoo hapa."

Alikwenda, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ulijua," Aynadis alisema.

"Nilijua."

"Wa kienyeji wangeanza kutaga karibu na Pasaka. Ulijua, ukanyamaza."

"Nilikuuliza wataanza lini. Nikasema, atahesabu mwenyewe." Kikongwe alivuta shuka mpaka kidevuni. "Huo ni uongo. Nilitaka kukwambia, halafu nikawaza, akiuza atakwenda sokoni. Akienda mara moja atakwenda mara mbili. Na mimi nitabaki hapa nasikiliza ukuta. Niliogopa, mwanangu. Basi nikasema haya."

Miaka miwili alimgeuza mwanamke huyu, akamwosha, akamchana nywele, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayefungwa zaidi yake ndani ya chumba hicho hicho. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Hata kuku wako hawawezi kukaa na mtu," mama Yeshimebet alisema. "Ndiyo maana nilitaka wa kienyeji. Angalau mmoja wa kumsikia akiatamia humu ndani."

Asubuhi kikongwe aliamka na amri. Bizunesh aitwe. Bizunesh alikuja na unga mikononi.

"Una kuku anayeatamia?"

"Ninaye mweusi, ana siku tatu amekalia jiwe, mjinga yule. Nimemmwagia maji hataki kuinuka."

"Tupe sisi. Vifaranga tutagawana nusu kwa nusu. Baba yao si jogoo wako?"

"Aa! Ndiyo maana harudi nyumbani kula!" Bizunesh alicheka mpaka akashika mlango. "Nusu kwa nusu, mama."

Aynadis alichagua mayai kumi na moja, ya siku za karibuni, yasiyo na ufa. Kuku mweusi aliwekwa kwenye kikapu cha majani chini ya kitanda, upande wa ukuta. Alijitanua, akayasogeza mayai kwa mdomo, moja moja, akatulia. Kutoka juu mama Yeshimebet alisikia ile sauti ya chini ya kooni, akafumba macho.

Ijumaa alisema, "Kesho nenda sokoni."

"Kuuza nini, mama?"

"Usiuze. Kanunue shayiri ya kuku wangu."

"Na Shiferaw?"

"Shiferaw nilimzaa mimi. Weka maji karibu na mkono wangu. Nenda."

Aynadis alikwenda. Alinunua shayiri mapema, kisha akakaa kati ya wauza vitunguu, akasikia nani ameolewa na nani amezikwa, akacheka mara mbili kwa sauti yake ya zamani. Saa zikamponyoka. Alirudi akikimbia, shayiri mgongoni.

Chumbani palinuka mkojo. Shuka lilikuwa limelowa mpaka godoroni na baridi imeshaingia. Si jambo la dakika tano. Bizunesh alikuwa ng'ambo ya ukuta tu, angesikia akiitwa. Mama Yeshimebet hakumwita. Alikuwa amelala uso ukutani.

Aynadis aliwasha moto, akaleta maji ya uvuguvugu na shuka kavu. Alimgeuza taratibu, akamwosha, akamkausha. Kisha akamfunika.

"Mweusi ameinuka mara moja tu," mama Yeshimebet alisema. "Amekunywa maji, akarudi mwenyewe."

"Amekuwa mwema."

"Jumamosi ijayo utoke mapema, jua likiwa bado dogo. Uwahi kurudi."

"Nitawahi, mama."

Aynadis alichukua shuka lililolowa, akatoka nalo uani kulifua. Kuku wa kahawia walimfuata kwenye bomba, wote watano, wakidhani amewaletea chakula.