Mama wa Kipa Akitoka Nje

Tarehe ya harusi aliipanga Raili Tanskanen mwenyewe, mezani kwake, mwezi wa nane, huku akimenya viazi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne. Mwanawe Eetu alikuwa kipa wa Hauki, timu ya hoki ya barafu ya mji wa Kivisalmi, na fainali za ligi ile huchezwa mwezi huo huo wa nne. Lakini fainali ni za wengine. Hauki walikuwa wakitolewa mapema, kila mwaka, tangu Eetu akiwa na meno ya utoto. Watu wa Kivisalmi walipanga maisha yao kwa kufungwa kwa Hauki. Timu ikishatolewa, ndipo watu hubadilisha matairi ya baridi, huanika mazulia na kufunga ndoa.

"Na wakishinda je?" aliuliza Henriikka, mchumba wa Eetu.

Meza nzima iliangua kicheko. Ismo, baba yake Eetu, alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Eetu mwenyewe aliwazidi wote.

Henriikka hakucheka. Alikuwa mkunga, amezoea kuwaambia watu wanaopiga kelele wafanye nini. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, kwanza kwa ajili ya kambi ya mazoezi, kisha kwa ajili ya goti la Eetu.

"Haya, mwezi wa nne," alisema. "Lakini siku hii ikisogezwa tena, Eetu, nakurudishia pete yako. Sirudii."

Raili alimpenda binti huyo kwa maneno hayo hayo. Henriikka alipoondoka, akamgeukia mwanawe. "Ukimpoteza huyu, mimi nahamia kwake. Wewe utabaki hapa na baba yako mle soseji."

"Mimi nimefanya nini?" akauliza Ismo.

Msimu ukaanza kama kawaida, yaani vibaya. Mechi ya kwanza Hauki walipigwa saba bila. Ya pili basi lao liliharibika njiani, na Ismo akasema afadhali, wangefika wangefungwa. Raili, ambaye alikuwa msimamizi wa jiko la shule na hakujua kupika kwa watu wachache, alikodi ukumbi wa chama cha wakulima, akaagiza samoni wa supu, akaanza kuoka vipai vya wali wa maziwa na kuvijaza kwenye friza.

Mambo yaliharibika mwezi wa kumi na moja. Raili alikuwa na kiti chake cha siku zote, safu ya kumi na mbili, karibu na mlango, anafuma soksi huku akitazama. Siku hiyo Hauki walikuwa nyuma kwa magoli mawili, kipindi cha tatu, na mabeki wao wanateleza huku na huko kama ng'ombe waliofunguliwa. Raili akasema kwa sauti kwamba amechoka kuona ujinga, akatoka kwenda kununua soseji. Kabla soseji haijatiwa haradali, uwanja ukalipuka. Goli. Akageuka arudi, akakuta la pili. Alipokaa, magoli yakakauka.

Mechi iliyofuata aliyetoka ni yule yule, na waliofunga ni wale wale. Safu ya kumi na mbili wakatazamana. Kufikia Krismasi uwanja mzima ulikuwa unajua, na kipindi cha tatu kikianza watu walikuwa wanaimba, "Mama Eetu, toka! Mama Eetu, toka!"

Kocha Kaukonen alimfuata kwenye maegesho. Alikuwa mtu wa kompyuta na michoro, na aliona haya hata kumtazama usoni.

"Mama Eetu, mimi siamini mambo haya hata kidogo."

"Vizuri. Mimi pia siamini."

"Ila kesho, kipindi cha tatu... kama hutajali..."

"Nimelipa kiti, Kaukonen."

"Mwakani tutakupa bure."

"Kiti cha bure nisichokikalia! Mkeo anaishije na wewe?"

Lakini alitoka. Alitoka msimu mzima. Wengine walimwona Eetu akiruka na kuukamata ule mpira bapa mweusi hewani kama nzi. Mama yake aliona ukuta wa kijani na tangazo la kuzima moto. Hauki wakaingia kwenye mchujo. Wakapita hatua ya kwanza, wakapita ya pili. Wachezaji wakaacha kunyoa ndevu, kama ilivyo desturi ya mchujo, na Eetu akafanana na mtu aliyetoroka gerezani akaishi msituni. Ghafla Hauki wakawa fainali, na Kivisalmi ikashikwa na wazimu.

"Harusi si isogezwe tu, Mama Eetu?" muuza duka alimwambia.

"Sogeza mazishi yako. Nipe siagi."

Henriikka ndiye aliyesumbuliwa zaidi. Mama mmoja akiwa katikati ya uchungu alimshika mkono akamsihi, "Dada, tafadhali, ahirisha," na Henriikka akamjibu, "Wewe sukuma." Nyumbani hakusema kitu. Ila Raili aliona kwamba siku hizi pete ameivua kidoleni, anaivaa kwenye mkufu shingoni. Mkunga havai pete kazini, sawa. Lakini zamani akirudi nyumbani alikuwa anaivaa.

Fainali ilikuwa ya mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Baada ya tano, Hauki walikuwa wameshinda mbili. Wakifungwa ya sita, Alhamisi, msimu umekwisha na harusi iko salama. Wakishinda, ya saba ingechezwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, na ndoa ilikuwa saa tisa alasiri. Bwana harusi huwa uwanjani saa nyingi kabla ya mechi. Raili aliligeuza jambo hilo kama mtu anavyogeuza sufuria lenye tundu, akaona njia moja tu. Mwanawe afungwe. Na mji mzima ulikuwa umemfundisha jinsi ya kumfungisha.

Alhamisi ile, kipindi cha tatu kilipoanza, magoli yakiwa moja kwa moja, alibaki amekaa.

"Mama Eetu, toka!" waliimba. Akaongeza mstari wa soksi.

"Mama, umesahau?" aliuliza jirani yake, mwalimu mstaafu.

"Sijasahau. Miguu inaniuma."

"Nitakubeba."

"Niguse uone."

Ismo alimwinamia sikioni. "Raili, watatuchoma nyumba."

"Nyumba ina bima. Henriikka hana."

Ismo akaegemea tena kiti chake, kwa kuwa na yeye alikuwa ameuona ule mkufu.

Wapinzani wakaanza kushambulia kama nyuki. Eetu alizuia kwa mguu, kwa bega, kwa kofia. Shuti moja lilimpata shingoni, akaanguka. Raili aliacha sindano zikaanguka chini ya viti. Eetu akapiga magoti, akasimama, akanywa maji, kisha akatazama juu kwenye safu ya kumi na mbili. Akamwona mama yake amekaa. Akainua ile glovu yake kubwa, akaipunga kuelekea mlangoni: toka.

Hata yeye! Mtoto ambaye yeye alikuwa akimwamsha alfajiri miaka yote ile, akamfunga viatu vya vyuma vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, akamtoa kwenye magoli akilia machozi yanayoganda mashavuni, leo anamfukuza mbele ya watu elfu nne. Na Raili akaona kitu ambacho hakukifikiria tangu mwezi wa nane: kijana huyu hajawahi kushinda kitu chochote, na anataka.

"Mbwa nyinyi wote," alisema, akasimama, akatoka.

Alikuwa bado hajafika kwenye ukuta wa kijani uwanja uliponguruma. Hakungoja mechi iishe. Alichukua gari, akaenda moja kwa moja hospitalini.

Henriikka alikuwa chumba cha wakunga, na redio imewashwa.

"Nimesikia. Wameshinda," alisema.

"Mimi ndiye niliyetoka nje," Raili alisema bila hata kuketi. "Nilikaa kwanza, ili afungwe. Halafu nikashindwa. Kwa hiyo ukirudisha pete, nirudishie mimi, yeye hana kosa. Lakini nakwambia wazi, utakuwa mjinga. Ana ndevu mbaya na magoti mabovu, ila ana moyo."

Henriikka aliizima redio. "Ulikaa ili mwanao afungwe fainali? Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya vipai pia. Vimejaa friza mbili."

Henriikka akaanza kucheka, na akishaanza huyu hakuwa rahisi kumzima. Mwishowe akajipangusa macho. "Mama, mimi nilisema siku isisogezwe. Mji mzima umenisihi nihamishe siku. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu saa."

Raili akakaa.

"Mchungaji anaamka saa ngapi?" Henriikka aliuliza.

"Ataamka nitakapomwamsha."

Ndoa ikafungwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Bibi harusi alitoka zamu akapitia nyumbani kubadili nguo. Bwana harusi alikuwa na ndevu hadi kifuani na alama ya zambarau shingoni. Mchungaji, mwenye skafu ya Hauki chini ya joho, alihubiri kwa ufupi kuliko siku zote, na watu wakasema ndiyo mahubiri yake bora. Kocha Kaukonen aliweka sharti moja tu. Kipa hulala mchana kabla ya mechi, asipolala, haoni. Likaletwa godoro, likatandikwa kwenye chumba cha makoti cha ukumbi wa wakulima, Eetu akalazwa, na Henriikka, ambaye hakuwa amefumba jicho tangu jana yake, akajilaza kando yake na shela lake.

Jioni ile Hauki wangekuja kufungwa mbili kwa moja, lakini mchana huo hakuna aliyejua. Watu mia moja na arobaini walikula supu ya samoni kwa kunong'ona. Hotuba zilinong'onwa. Mpiga kodiani alibonyeza vitufe bila kuvuta upepo, na wazee wakacheza kwa soksi. Raili alisimama mlangoni pa chumba cha makoti na upawa mkononi, na aliyeangusha kijiko alitazamwa mpaka akatubu.

Shangazi Impi peke yake, aliyetoka mbali na asiyesikia vizuri, hakuelewa. Alikitazama kile kiti kitupu cha bwana harusi, akaitazama ile halaiki iliyonyamaza, akaweka kikombe chini.

"MASIKINI!" alipaza sauti ukumbi mzima. "AMEFARIKI LINI?"

Hakuna aliyepumua. Raili aliinua upawa. Kutoka nyuma ya mlango ukasikika mkoromo mmoja mzito, kisha wa pili, mwembamba zaidi, ukiufuatia.

"Bado wamelala, wote wawili," Raili alinong'ona. "Mleteeni shangazi kipai."