Divai ya Masuku kwa Wachimba Ngoro

Miaka minne Mama Serafina, mama mkwe wangu, aliniita Mnyasa. Jina langu, Lidia, hakulitamka hata mara moja. Kosa langu? Nilitoka Liuli, ziwani, na pombe ya mahindi sikujua kupika. Na huku Litembo, mke asiyejua pombe nani atamchimbia ngoro? Vishimo vile vya kulimia mlimani huchimbwa kwa kuitana, na anayeita ndiye anayenywesha. Kila Machi mama mkwe alinipikia, na masimango yake niliyasikia hadi Juni.

Desemba ya tisini na tatu nikasema basi! Sukari ilikuwa imeacha kutolewa kwa kibali. Pale Mbinga duka la Masoudi lilijaa magunia hadi mlangoni, na hamira ya pakiti rafuni. Shangazi Ida wa Liuli akaniandikia barua: masuku, maji, sukari, hamira, subira. Nilivipata vyote isipokuwa hicho cha mwisho. Mimi ni mtu wa ngojangoja huumiza matumbo.

Nikaponda ndoo nzima ya masuku, matunda ya porini kutoka Kingerikiti, nikatia vitu vyangu, nikafunika kitambaa. Kesho yake ilikuwa inachemka bila moto! Nilimvuta mume wangu, Wendelin, kutoka kitandani aje asikie. Siku ya tano nikachuja, nikajaza madumu mawili, kila moja na mpira mwembamba kwenye mfuniko, ncha yake ndani ya chupa ya maji. Blup. Blup. Nilikaa kuisikiliza, palizi ikanisubiri.

Mama akaja kunusa.

“Pombe ni siku tatu. Hii inangoja nini? Imekufa, Mnyasa.”

“Haijafa, mama. Inapumua.”

“Haya. Mwaka huu mimi sipiki. Wachimbaji wakikukimbia, shamba utachimba peke yako.”

Machi divai ikanyamaza, imetulia, rangi ya asali. Nikaonja. Jamani! Ilipanda hadi masikioni. Nilimkumbatia Wendelin, nikaita watu ishirini Jumamosi ileile.

Nikawanywesha kama desturi: kata iliyojaa kabla ya kazi, nyingine katikati. Saa tatu asubuhi shamba zima lilikuwa linaimba. Wanaume, ambao kazi yao ni kupanga majani kwa miraba, waliyapanga ovyo, mengine wakajivika kichwani. Mzee Mansuetus alilala ndani ya shimo alilochimba mkewe. Ngoro kumi na moja, basi! Mama alikuja, akaichukua kata mkononi mwa Mansuetus, akaonja masalio. Akaonja tena. Akaondoka zake. Nililia mbele za watu, sikujali.

Jumatatu alfajiri nikaamshwa na kelele. Walikuwa walewale ishirini, sikuwaita, majembe begani, wakiuliza habari za dumu la pili. Na mlangoni kwangu, juu ya dumu lenyewe, ameketi Mama Serafina.

“Chimbeni kwanza!” aliwafokea. “Hii si pombe ya kunywa kwa kata. Divai ya mwanangu Lidia inapimwa kwa kikombe cha chai, tena baada ya jembe.”

Shamba lilikwisha saa nane. Mimi sikuchimba hata shimo moja. Nilisimama palepale mlangoni, nikingoja alitamke tena jina langu.