Redio ya Wagika

Kiongozi wa ngoma ya Wagalu hapa Kasoli ni mimi, Mboje, si mdogo wangu Joakim. Joakim alikuwa ananibebea ngoma tu, tena akilalamika bega linauma. Leo ndiye mtu! Alihamia Ujerumani akawa mwandishi wa habari, kazi yake kukimbilia kila kunakolia risasi na kuitangazia redio ya Kiswahili ya huko. Mtu mzima na akili zake!

Kwetu, baada ya mavuno ya pamba, makundi mawili, Wagalu na Wagika, hucheza ngoma uwanja mmoja, kila moja upande wake. Atakayevuta watu wengi ameshinda, ng'ombe ni wake, basi. Miaka yote mama alisimama mbele yangu akipiga vigelegele. Huyo nilijua hakuna wa kuninyang'anya.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na bei nzuri, kila mwenye shamba akanunua redio. Athanasi, kiongozi wa Wagika, mtu wa fitina, akaja uwanjani na redio kubwa. Saa ya habari ilipofika, nami nimewashika watu barabara, akanyamazisha ngoma zake akaifungulia hadi mwisho.

"Ni mimi Joakim Luhaga, kutoka Zaire..."

Watu wakanihama. Niliimba mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, wapi! Mama naye akajifunga kanga vizuri, akavuka uwanja bila hata kunitazama. Wivu ulinichoma kifuani. Nikamtungia Joakim papo hapo: jembe limemshinda, anakula kwa vita vya wenzake!

Redioni ukapasuka mlio mkubwa. Joakim akapiga ukelele, kisha kimya. Mama akaanguka.

Uwanja mzima ukanigeukia mimi, kaka yake. Mama akajikokota mpaka kwangu, akanishika mguu.

"Ng'wanone, mwanangu, mwimbie mdogo wako."

Nikamtungia Joakim wimbo wa kumlilia huku machozi yananitoka, watu wakalia, tukachukua ng'ombe wa mashindano.

Wiki iliyofuata, jamaa huyo hapo redioni! Anasimulia alivyojeruhiwa mkono, sauti imenona. Nilimshukuru Mungu, ndugu ni ndugu. Lakini jamani! Tangu siku hiyo, nikiingia uwanjani watu hawataki wimbo mwingine, ni ule ule. Mama amerudi kusimama mbele yangu kama zamani, anasikiliza amefumba macho. Nikimaliza, ananisogelea na kuniuliza, "Na mdogo wako ameusikia?"