Saka Iliyomshika Mwandawiro

Mwandawiro alichimba mashimo Kamtonga miaka kumi na tisa kabla ya jiwe la kijani kumwonea huruma. Siku lilipotoka, kubwa kama jicho la mbuzi, alilitia mdomoni akashuka nalo hadi Voi bila kumsalimu mtu, watu wakadhani amenuna. Jioni jiwe lilikuwa limeuzwa. Asubuhi yake, mzee wa miaka sitini na moja mwenye magoti mabovu na baiskeli isiyo na breki alikuwa amesimama katika yadi ya Abdulbasit, muuza magari, akitazama magari mawili.

La kwanza lilikuwa jekundu, kuukuu, la milango miwili, limelala chini kama kenge anayeota jua. Liliwahi kukimbia mbio za magari za Pasaka, na ukiinama kidogo uliona alama ya namba iliyobanduliwa mlangoni. Mwandawiro alilijua, au alimjua ndugu yake. Mwaka wa sabini na tatu alisimama kwenye kona ya juu ya Mwatate na shati jipya la sikukuu. Gari kama hilo likaja linaruka, likammwagia tope kuanzia utosini hadi mifukoni. Wenzake walitukana. Yeye alikaa na shati lile wiki tatu bila kulifua, na tangu hapo kila alipopiga sururu alikuwa anachimba kulifuata gari hilo.

La pili lilikuwa Pajero jipya, jeupe, viti vya ngozi bado vimevaa nailoni. Tryphena, mkewe, aliingia kulijaribu saa nne. Akashuka saa sita na nusu, tena kwa sababu adhana iliita na Abdulbasit alitaka kufunga.

Jiwe lilitosha gari moja tu, lolote kati ya hayo mawili. Mwanamume mwingine angenunua alitakalo na kesi aisikize baadaye. Lakini miaka kumi na tisa Mwandawiro alikula kwa cherehani ya Tryphena, na hata yeye, mbishi alivyokuwa, hakuthubutu kusema jiwe ni lake peke yake.

Wakabishana siku nne. Tryphena alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kule Wusi, na alishapanga kichwani nani atakaa wapi, mpaka pa kuweka sufuria.

"Hilo lako lina viti viwili," alisema. "Cha pili cha nani?"

"Chako."

"Na jeneza la mama yako tungeliweka wapi?"

"Mama ameshazikwa."

"Kwa mabega ya watu, Baba Wakio. Na mvua ikinyesha."

Abdulbasit naye akamkaza zaidi. "Mzee wangu," alimwambia kwa upole wa watu wa pwani, "kuna daktari Malindi alitaka hili jekundu. Nimemwomba angoje. Jumatatu yuaja kulichukua."

Usiku huo, au tuseme alfajiri, Mwandawiro akaikumbuka saka.

Zamani kule milimani ulikuwako ugonjwa wa wanawake ulioitwa hivyo. Mama mwenye akili zake timamu angeona kitu, leso au kofia ya askari, au asikie tu lori likinguruma, akaanguka. Mabega yakaanza kutetemeka, na kinywa kikawa kinataja kitu kile kile hadi akipewe. Makasisi waliupiga vita, wasomi wakaucheka, lakini dawa haikubadilika: ngoma ipigwe, na kitu kinunuliwe. Tryphena mwenyewe ulimshika mwaka wa sitini na moja, ana miezi minne kwenye ndoa, mbele ya dirisha la duka moja Mwatate. Siku mbili alitetemeka akisema tik-tik-tik. Mwandawiro akauza dume la ng'ombe akanunua cherehani. Mgonjwa akapona papo hapo, na kesho yake akashona pazia.

Kwa hiyo Jumatano, Abdulbasit alipowasha lile jekundu walisikilize mara ya mwisho, Mwandawiro alichagua mahali pasipo na oili, akaanguka. Alitetemeka mabega, akanguruma, akabadilisha gia tatu kwa mdomo. Abdulbasit alikimbilia maji huku anasoma Ayatul Kursi. Tryphena hakusogea. Alimtazama mumewe muda mrefu, mkoba mkononi, kama fundi anayekagua mshono wa mwanafunzi.

"Ni saka," alisema mwishowe. "Mshikeni miguu, twende nyumbani."

Mwandawiro alifurahi njia nzima, macho yamefumbwa. Furaha ilikoma alipoletwa Bibi Wakesho. Huyu alikuwa kikongwe wa miaka themanini, wa mwisho Wusi aliyeijua ngoma ya saka, na hakuwa ameitwa popote kwa muda mrefu hata alishaanza kufugia kuku ndani ya ngoma kubwa. Majirani walimwambia saka haiwapati wanaume. Akawajibu kwamba saka haiulizi suruali. Kisha akataja masharti. Mgonjwa atacheza Jumamosi, uwanjani, mchana kweupe. Atavaa leso mbili, mshipi mwekundu na njuga. Na kwa kuwa mwanamke hunywa maji yaliyofulia nguo ya mumewe, huyu atakunywa maji yaliyofulia shimizi ya mkewe.

"Yote?" aliuliza mgonjwa, akasahau kutetemeka.

"Kata moja," alisema Wakesho. "Iliyojaa."

Mwandawiro akaona njia mbili. Ainuke aseme alikuwa anaigiza, akose gari na jina kwa pamoja. Au acheze, Jumatatu daktari wa Malindi akute tairi zimeacha alama tu. Tryphena akaketi kando ya kitanda, akataka jambo moja mbele ya Wakesho na majirani: mumewe aape kwamba saka ikitaja kitu uwanjani, kitanunuliwa bila maneno.

"Chochote saka itakachotaja," alisema Mwandawiro kwa sauti ya kuzimia. "Na mwenye kupinga apinge leo."

Hakuna aliyepinga.

Jumamosi Wusi nzima ilikuja, na nusu ya Mwatate. Zephaniah, mzee wa kanisa, alikuja kukemea mambo ya giza, akakaa mstari wa mbele kabisa ili akemee vizuri. Mwandawiro alikunywa kata yake. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya mche na miaka thelathini na mitano ya ndoa. Akatoka na leso zake, njuga miguuni, magoti yanalia kuliko njuga. Watu walicheka mpaka wakashikana. Akacheza. Akaikumbuka kona ya Mwatate, lile tope, akafumba macho akacheza kweli, jasho likamtoka, kicheko kikapungua, hata Zephaniah akajikuta anapiga makofi. Ngoma ikanyamaza. Wakesho akauliza kwa sauti kubwa: saka, wataka nini?

Mwandawiro alifungua kinywa. Kabla hajasema, nyuma yake kukasikika kishindo.

Tryphena alikuwa chini. Mkoba bado mkononi, gauni limetanda vizuri, mabega yanakwenda kama maji yanayochemka. Kinywani alikuwa na neno moja, la chini, la kifahari, kama mlango mzito wa gari jipya ukifungwa: "Dup. Dup."

Mama mmoja wa kanisa akaanguka. Akafuata mwingine. Kufumba na kufumbua safu nzima ya akina mama ilikuwa imelala nyasini kama mahindi yaliyopigwa na upepo, wanawake kumi na saba, kila mmoja: dup, dup, dup.

Mwandawiro akapiga magoti kando ya mkewe, njuga zikalia.

"Tryphena, unaigiza."

Jicho moja likafunguka. "Na wewe?"

"Hata mwaka ule? Hata cherehani?"

"Hiyo suruali uliyoivua leo imeshonwa na nini?" alisema taratibu. "Ondoka hapo. Mimi mgonjwa."

Wakesho alikuna kichwa. Alikuwa na saka mbili na jiwe moja. Mwishowe akaamua kwamba saka ya zamani huheshimiwa kabla ya saka ya juzi, na ya Tryphena ilikuwa na miaka thelathini na mitano. Mwandawiro akatazama huku na huku apate wa kumtetea. Wote waliisikia ahadi yake.

Jumatatu aliendesha Pajero jeupe kutoka Voi, mkewe kando, amekataa nailoni iondolewe. Pale langoni mwa yadi walipishana na daktari wa Malindi ndani ya lile jekundu. Mwandawiro akavua kofia, kama mtu anayepitiwa na jeneza.

Lakini hakuacha kabisa. Jumapili moja moja, akirudisha akina mama kutoka mkutano wa kanisa Mwatate, akifika kwenye kona ile ya sabini na tatu, mguu wake wa kulia ulikuwa unasahau umri. Gari likachukua kona kwa ubavu, tope likaruka, sufuria zikaimba. Hapo nyuma mama sita walishikana wakatetemeka mabega, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaigiza.