Kinahusu Uongozi

Kitabu kilikuwa kimelala ndani ya droo iliyo wazi, mkono mmoja wa karani ukiwa juu ya kibodi, Mkurugenzi aliposimama nyuma ya kiti chake.

"Hicho nini?"

"Kitabu, mzee."

"Macho ninayo. Nakulipa usome?"

Mtindo aliuleta Mkurugenzi mwenyewe: kila mwezi mameneja wote wasome kitabu kimoja, alichokichagua yeye, na kila mmoja akieleze mbele ya wenzake Ijumaa asubuhi. Meneja wa Mauzo, ambaye hata barua za wateja husomewa, alimtupia karani kile cha kwanza mezani. "Nisomee, dada. Unipe ukurasa mmoja tu. Maneno magumu usiweke, nitajikwaa."

Hicho cha leo kilikuwa cha ishirini na mbili. Karani alikuwa kibarua mwaka wa sita, na meneja alimwahidi ajira ya kudumu mwezi huu. Ajira ya kudumu maana yake kadi ya matibabu. Mwanawe wa mwisho ana pumu. Vitabu vile alivisoma akikoroga uji, akavisoma kwenye benchi la zahanati, mtoto akikoroma kifuani pake kama msumeno.

"Meneja wangu anajua, mzee. Muulize."

Meneja akaitwa. Akaja akifunga kifungo cha koti.

"Bosi, mwambie," alisema karani.

"Nimwambie nini tena? Kitabu hiki nakitafuta tangu jana." Akacheka. "Kumbe kimeota miguu!"

Makarani wenzake wakainamisha vichwa kwenye makaratasi.

"Basi muulize kinahusu nini," alisema karani. "Mzee, muulize tu."

Meneja akatazama jalada mbele, akaligeuza nyuma.

"Uongozi," alisema. "Kinahusu uongozi."

Kilikuwa kisa cha mjane anayefuga nyuki.

Karani akamgeukia Mkurugenzi, akangoja. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika.

"Tena uongozi bora," alisema. "Umesikia, mama? Kusanya vyako."

Karani alikuwa ameshatoka getini meneja alipomkimbilia, akihema.

"Dada, usininunie, ndiyo kazi hizi. Barua ya utumishi wako nitaisaini mimi, na bila hiyo unajua hakuna atakayekuajiri." Akampenyezea kitabu kati ya nondo za geti. "Umebakiza kurasa ngapi?"

"Sitini."

"Ah, hizo si kitu kwako. Ukiniletea muhtasari kesho jioni, barua unaikuta kwa mlinzi." Akageuka, kisha akarudi hatua moja. "Na safari hii andika herufi kubwa kidogo. Macho yangu siku hizi yanachoka."

Mlinzi akagonga geti kwa rungu. "Mama, hapo hapakaliwi."

Karani akavuka barabara, akatafuta kivuli cha ukuta, akaanza kusoma.